Ngazi ya Hezron Lugadiru

Nimetumwa na bima kutoka Kisumu
kuliuliza bati swali moja:
nani aliyekupiga?

Dai linasema Jumanne, saa kumi jioni,
mvua ya mawe, Kaimosi,
ghala la mahindi la futi sitini, paa lote limeharibika.
Neno "lote" nimelipigia mstari.

Kabla ya kupanda nimeisoma mbingu iliyokwisha kupita.
Saa saba upepo wa ziwa umepanda mlima,
upepo wa mashariki umeteremka,
wakakutana juu ya Nandi, hakuna aliyempisha mwenzake.
Saa nane picha ya setilaiti ina wingu kama ukucha.
Saa tisa u nusu ni kiganja kizima,
na kilele chake kimepita pale maji yanaposahau kuwa maji.
Daftari la kiwanda cha chai lina mwandiko wa karani mvivu:
"Mawe. Dakika kumi na moja. Kutoka mashariki.
Wachumaji wamerudi nyumbani."
Karani mvivu hadanganyi. Uongo una kazi nyingi.

Dukani kwa Mama Vihenda, mvulana aitwaye Asava
ameweka jiwe moja kwenye friza, kati ya omena na maziwa,
ndani ya kikombe cha plastiki.
"Stima imepotea mara mbili," anasema,
kana kwamba anamwombea shahidi radhi.
Kalipa inasoma milimita ishirini na mbili.
Lilikuwa kubwa zaidi, hilo halina ubishi.
Nalipasua kwa kisu cha nyama:
pete nyeupe, pete ya kioo, pete nyeupe;
kila pete ni safari, kupandishwa, kuachiliwa, kudakwa tena,
mpaka likawa zito kuliko upepo uliolibeba.
Asava anauliza kama anaweza kulila.
Anaweza.

Juu ya paa natumia chaki ya shule.
Ukiilaza na kuipitisha juu ya bati
inapaka penye mwinuko, inaruka penye bonde,
na kila pigo linajitokeza, duara tupu.
Mashariki: makubwa, madogo, yamesongamana, yametawanyika,
mawili juu ya moja,
matundu karibu na misumari, ambapo kutu ilikuwa imeanza zamani.
Mita moja ya mraba: thelathini na manne.
Hayana mpango wowote. Nimeyaamini.

Navuka mgongo wa paa.
Magharibi, chaki inachora mistari.
Kipimo kimoja, kina kimoja, nafasi ileile kati ya pigo na pigo,
kama mtu anayepanda maharagwe.
Safu ya tano mapigo yanapungua nguvu.
Safu ya saba yanakoma,
na hapo, ukingoni mwa gata, tone la nta ya mshumaa.
Mawe hayahitaji mwanga.

Najua hesabu iliyompandisha huku.
Chini yangu magunia mia mbili yamechipua,
harufu ya uchachu inapanda kupitia matundu ya kweli.
Alikuwa na haki ya nusu,
akahofia kwamba nusu haionekani kutoka Kisumu.
Na kampuni yangu ina kifungu, nimekihifadhi:
uongo wa sehemu hubatilisha yote.

Naandika, karatasi juu ya goti.
Mteremko wa mashariki: mawe.
Mteremko wa magharibi: mkono.
Neno la mwisho nalifuta. Nalirudisha.
Halafu naongeza sentensi ambayo hakuna aliyeniomba:
matundu ya mashariki peke yake
yangetosha kuyaozesha mahindi yote.

Lugadiru hajaniuliza kitu.
Ngazi yake ni ya mkaratusi, imefungwa kwa waya.
"Kipago cha tatu kimelegea, Injinia. Kiruke."
Ameishika kwa mikono miwili, imara,
ukucha wa gumba la kushoto
ukiwa mweusi.